SI KILA KING'AACHO NI DHAHABU: KUCHAGUA KARATASI YA PICHA NYEUSI NA NYEUPE

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Nami, mpenzi msomaji, naongeza langu: usione picha ikapendeza ukutani, karatasi yake ilichaguliwa. Jambo hili sikulijua hadi mwaka jana, na nililijua kwa aibu. Ndiyo maana mhariri aliponitaka niandike makala ya jarida letu la chama, nilisema afadhali niwaeleze wenzangu habari za karatasi kuliko kuandika tena insha ya "Siku Ambayo Sitaisahau".

Chanzo cha Mambo

Nyanya yangu anaishi Wundanyi, kule milima ya Taita. Sebuleni kwake palikuwa na picha moja aliyoithamini kuliko vyombo vyote vya nyumba: picha ya arusi yake na Babu, iliyopigwa katika studio moja ya Mombasa mwaka 1964, wakati Babu akifanya kazi bandarini. Nyanya kavaa gauni jeupe la lesi, Babu kavaa suti nyeusi. Siku hiyo, walipokuwa wakipanda ngazi za studio, kifungo cha kati cha koti la Babu kilikatika kikapotea. Mpiga picha akawapa sindano na kifungo kingine cha kijivu, na bibi arusi mwenyewe akakishona pale pale, shela kichwani. Babu alifariki kabla mimi sijazaliwa. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alionyeshwa kifungo hicho, na kila mara Nyanya alicheka kana kwamba ni jana.

Masika ya mwaka jana bati lilivuja. Maji yakaingia ndani ya fremu, picha ikagandamana na kioo, na tulipojaribu kuibandua uso wa Babu ukabaki kiooni. Bahati nzuri binamu yangu alikuwa ameipiga skani zamani, faili tunayo. Mimi nikajigamba mbele ya jamaa wote: "Nyanya usiwe na wasiwasi, picha yako nitairudisha."

Nikaenda saiba moja mjini. Kijana wa pale akaniuliza, "Nikuwekee ile karatasi ya kung'aa?" Nikamwambia, "Weka hiyo hiyo, boss, iwe poa." Akaongeza giza kidogo kwenye kompyuta "ili itokee," printa ikanguruma, nikalipa. Pale kaunta picha ilimeremeta kama kioo cha gari jipya. Nikapanda matatu kwenda nyumbani moyo umejaa fahari.

Lahaula! Nyanya akaishika picha karibu na dirisha, akainamisha kichwa huku na huku akikwepa mng'ao. Mchana uso wa Babu ulikuwa na ukijani. Usiku, chini ya balbu, ukawa na uwekundu. Suti ilikuwa donge moja jeusi kama makaa. Nyanya akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, kifungo changu kiko wapi? Huyu bwana wa kijani simjui."

Msomaji, heri angalinigombeza.

Shuleni Napata Somo

Muhula ulipofunguliwa nilimwendea mwalimu mlezi wa chama chetu cha upigaji picha nikamweleza yote. Kuuliza si ujinga. Aliitazama picha ile, akacheka, akasema, "Umechagua karatasi jinsi mtoto anavyochagua peremende, kwa kung'aa kwa ganda." Akaniambia kwamba kwa picha kama hii, na kwa nyumba kama ile, nifikirie karatasi ya mati.

Karatasi ya mati ni karatasi isiyong'aa. Lakini si kila karatasi isiyong'aa ni ya mati, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Karatasi ya kawaida ya rimu, hii tunayofanyia mitihani, pia haing'ai. Tofauti iko kwenye ngozi.

Printa za inkjeti hufanya kazi kwa kurusha matone madogo mno ya wino. Tone moja lina picolita chache tu, na picolita ni lita moja iliyogawanywa mara trilioni! Tone hilo likitua juu ya karatasi ya kawaida, nyuzi za karatasi hulinyonya na kulitawanya, kama maji yanavyotawanyika kwenye kitambaa. Mistari hufifia kingo, na weusi huzama ndani ukageuka kijivu. Karatasi ya mati imepakwa ngozi nyembamba, aghalabu ya unga laini wa silika uliochanganywa na gundi. Ngozi hiyo hulikamata tone pale pale lilipoangukia na kuuweka wino karibu na juu, ambako jicho linauona. Karatasi ya glosi nayo ina ngozi yake, ila hiyo ni laini kama kioo, kwa hivyo hurudisha mwanga wa dirisha moja kwa moja machoni mwako.

Kwa Nini Nyeusi na Nyeupe Ndiyo Ngumu?

Utadhani picha isiyo na rangi ni rahisi kuichapa. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe ni kinyume! Picha ya rangi ina vya kujificha nyuma yake. Shati jekundu likizidi wekundu kidogo, nani atajua? Picha nyeusi na nyeupe haina kitu kingine ila mwanga na kivuli. Uso, gauni, suti, kifungo, vyote ni kijivu cha daraja mbalimbali. Daraja hizo zikimezana, kitu kimepotea. Na rangi ngeni ikiingia hata kiasi cha nukta, jicho huiona mara moja, kama Nyanya alivyouona ule ukijani.

Hapa lazima niseme ukweli, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kwa weusi mtupu, glosi huishinda mati. Mahali palipochapwa nyeusi kabisa, karatasi nzuri ya glosi hurudisha mwanga chini ya asilimia 1. Karatasi nzuri ya mati hurudisha kama asilimia 2 hadi 3. Karatasi ya kawaida hurudisha zaidi, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, na ndiyo maana picha iliyochapwa juu yake huonekana kama imenyunyiziwa majivu.

Sasa utaniuliza, kama glosi ina weusi zaidi, mbona tusiitumie? Jibu ni kwamba hesabu hiyo hupigwa mahali ambapo hakuna mng'ao. Nyumbani kwa Nyanya dirisha linaelekeana na ukuta wa picha. Glosi ikitundikwa pale, ule weusi wake wote unafunikwa na taswira ya dirisha. Mati haina weusi mkuu, lakini weusi wake unauona kutoka kila upande wa chumba. Basi swali la kwanza si "karatasi ipi ni nzuri?" Swali la kwanza ni "picha itakaa wapi, na nani ataitazama?"

Mambo Matano ya Kuangalia

Mwalimu alinipa mambo matano. Nayaandika hapa moja baada ya jingine, kwa sababu dukani ukifika utaona paketi nyingi zenye maneno matamu, usijue ushike lipi uache lipi.

(1) Wino wa printa yako. Wino uko wa aina mbili. Kuna wino wa kuyeyuka, ambao rangi yake imeyeyuka majini kama sukari katika chai. Na kuna wino wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ngumu ndogo mno zinazoelea bila kuyeyuka. Wino wa kuyeyuka huingia ndani ya ngozi ya karatasi, na kwa kawaida hupauka upesi zaidi ukipigwa na mwanga na hewa chafu. Pigmenti hukaa juu ya mati vizuri sana na hudumu zaidi. Mafundi wenye printa kubwa za pigmenti hata wana weusi wa namna mbili, mmoja wa glosi na mwingine wa mati, na ukiweka usio wake weusi hufifia.

Printa yetu ya shule ina wino wa aina nne: nyeusi ya pigmenti, na rangi tatu za kuyeyuka. Ukiiambia kwamba umeweka karatasi ya glosi, inaiacha ile nyeusi na kuchanganya rangi tatu ili kupata kijivu. Ukiiambia umeweka mati, nyeusi inatumika. Hapo nikafumbuka macho kuhusu Babu wa kijani. Yamkini printa ya saiba nayo ilifanya vivyo hivyo. Kijivu cha kuchanganya rangi hubadilika mwanga ukibadilika, mchana hivi, usiku vile.

(2) Weupe wa karatasi. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Tunaona karatasi nyeupe pe, tunasema hii ndiyo. Weupe ule mkali mara nyingi hutokana na dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo hunyonya miale ya urujuanimno, ile ambayo jicho haliioni, na kuitoa tena kama mwanga wa buluu. Ni sawasawa na sabuni za unga zinazofanya shati jeupe lionekane jeupe zaidi juani. Ubaya wake ni kwamba dawa huchoka kadiri miaka inavyopita, hasa mahali penye mwanga mwingi, na karatasi hurudi kwenye umanjano wake wa asili. Isitoshe, ubuluu huo huufanya uso wa mtu uonekane baridi kama wa maiti.

Utaitambuaje? Nenda kwa mwenye duka anayekagua noti bandia kwa taa ya zambarau. Karatasi ya noti halali haiwaki chini ya taa ile, ila zile alama zake maalumu tu. Weka karatasi yako hapo. Karatasi ya rimu itawaka buluu kama taa ya disko. Karatasi isiyo na dawa itabaki imepoa. Nilipofanya jaribio hili mwenye duka alinitazama kama mwizi, lakini nilipomweleza akaanza kuleta karatasi zake mwenyewe, hadi daftari la madeni.

(3) Karatasi imetengenezwa kwa nini. Mti una kitu kiitwacho lignini, ambacho ndicho hulifanya gazeti kuwa la manjano likianikwa dirishani. Karatasi nzuri za mati hutengenezwa kwa selulosi ya mti iliyosafishwa lignini, au kwa pamba, ambayo kwa asili haina lignini ya kutaja. Tafuta pia neno linaloonyesha kwamba haina asidi, kwa kuwa asidi huidhoofisha karatasi ikawa ya kuvunjika. Za pamba ndizo ghali. Kuna viwanda vya kale katika kazi hii; kiwanda cha Hahnemühle cha Ujerumani kimekuwa kikitengeneza karatasi tangu 1584, kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593!

(4) Uzito. Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu katika mita mraba moja. Karatasi ya rimu ni gramu 70 au 80. Mati nyepesi huanzia kama gramu 100, za kati ni gramu 160 hadi 200, na za pamba hufika gramu 300 na kupita. Nyepesi ikilowa wino mwingi wa kivuli hujikunja na kufanya mawimbi. Lakini nzito nayo ina taabu yake. Printa nyingi ndogo huipindua karatasi tumboni kama chapati, na karatasi nene haipinduki, inakwama. Soma kijitabu cha printa yako kabla hujatoa pesa mfukoni. Mchagua nazi hupata koroma, na mchagua nene bila kusoma hupata printa iliyosakamwa.

(5) Uso wa karatasi. Kuna mati laini na kuna mati yenye vinundu kama karatasi ya kuchorea ya somo la Sanaa. Vinundu vinapendeza kwa picha ya milima au mawingu. Kwa picha ndogo yenye uso wa mtu, vinundu hupigana na macho na midomo. Picha ndogo, chagua laini.

Kidogo cha Historia

Msidhani ugumu huu ni wetu peke yetu. Mwanamuziki Graham Nash, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alikuwa pia mpiga picha. Alitaka picha zake nyeusi na nyeupe zichapwe kwa ukubwa na kwa ubora. Yeye na wenzake wakachukua mashine ya inkjeti iitwayo Iris, ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo bali kwa kuonyesha wateja wa viwanda vya uchapaji jinsi kazi yao itakavyokuwa, wakaanza kuitilia karatasi nene za pamba za wachoraji. Mwaka 1991 wakafungua karakana ya Nash Editions huko California. Mashine yao ya kwanza leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Ila wino wa siku zile ulipauka upesi, na watu wakalalamika. Ndipo wino wa pigmenti ukaja, na mwaka 2005 kampuni ya Epson ikatoa printa za wino wenye daraja tatu za weusi: nyeusi, kijivu, na kijivu hafifu. Kwa hiyo kijivu hakikuhitaji tena kubeba rangi nyingi ndani yake.

Ninalotaka ulione hapa ni kwamba hawa watu hawakuanza kwa kununua mashine ya picha. Walianza kwa kutafuta karatasi na wino vinavyopatana. Jembe na mpini.

Jaribio Letu

Basi tulifanya jaribio. Mwalimu alikuwa na karatasi chache za sampuli, nami nikaongeza akiba yangu. Tulikuwa na namna nne: rimu ya gramu 80, mati nyepesi nyeupe sana, mati ya gramu 190 yenye weupe wa maziwa, na karatasi moja ya pamba ya gramu 300 na ushei ambayo bei yake ingeninunulia chai na mandazi kwa siku nyingi.

Hatukuchapa picha kwanza. Tulichora ukanda wa miraba 21, kuanzia nyeupe tupu hadi nyeusi tupu, kila mraba umezidi mwenzake kwa asilimia 5. Tukauchapa ukanda huo kwa wino mweusi pekee, kisha tukahesabu miraba inayotofautika. Jaribio hili halihitaji mashine yoyote ila macho, na hula karatasi kidogo, kwa sababu ukanda ni mwembamba na unaweza kuchapa kadhaa kwenye karatasi moja.

Matokeo? Kwenye rimu, miraba mitano ya mwisho ilikuwa kitu kimoja. Suti ya Babu ilikuwa humo humo! Kwenye mati nyepesi, mitatu ilimezana, na karatasi ikajikunja. Kwenye ile ya gramu 190, tuliweza kuitenganisha yote ila miwili ya mwisho. Ya pamba ilikataa kupita, ikakwama, na Mwalimu akaivuta pole pole huku mimi nikitokwa jasho la pesa zangu.

Kisha tukazipeleka zote mbele ya taa ya noti. Ile mati nyepesi iliwaka kama rimu. Ya gramu 190 iliwaka kidogo sana. Tukachapa kipande cha gauni la Nyanya kwenye zote mbili, tukavitazama dirishani, halafu chini ya balbu. Kwenye nyeupe sana lesi ilikuwa ya buluu. Kwenye ile ya maziwa lesi ilikuwa lesi.

Lakini msidhani kazi iliishia hapo. Karatasi ya mati ina kilema chake, nacho ni kule gizani, ambako daraja za mwisho hukaribiana. Kwa hiyo picha lazima itayarishwe kwa ajili yake. Kwa programu ya bure ya GIMP tuliinua kidogo sehemu za giza, zile zilizo juu ya weusi mtupu, bila kugusa uso wala gauni. Kwenye kioo cha kompyuta picha ilionekana imepauka. Nikashtuka. Mwalimu akaniambia, "Usiitazame hapo. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inapokea tu." Na kweli, ilipotoka kwenye printa ilikuwa sawa. Kijana wa saiba aliongeza giza, sisi tulilipunguza. Kwa haki, karatasi yake ya glosi ingeweza kuonyesha kifungo kama asingekizamisha yeye mwenyewe.

Maonyo Machache

Kabla sijamaliza, haya nayo yashikeni, kwa sababu mimi yalinigharimu.

Mati nyingi zina ngozi upande mmoja tu. Ukikosea upande, wino utatawanyika kama kwenye rimu. Lowesha kidole kidogo, gusa pembe: upande unaonata ndio wenye ngozi. Chagua aina ya karatasi kwenye menyu ya printa, usiiache kwenye "kawaida", maana hapo printa hupima wino wa karatasi nyingine. Karatasi iliyobaki irudishe mfukoni mwake, ifunge, ilaze. Unyevu wa hewa huiharibu, hasa wenzetu mnaotoka pwani.

Usiguse uso wa picha kwa vidole wala kuusugua na chochote. Mati huchubuka, na mchubuko kwenye weusi haufutiki. Iache ikauke siku nzima kabla ya kuitia kwenye fremu, la sivyo mvuke wa wino utafanya ukungu ndani ya kioo. Na mwisho, kioo kisiguse picha. Kata kadi nene yenye dirisha, iweke katikati yao. Picha ya Nyanya ya zamani ingalikuwa na kadi hiyo, pengine uso wa Babu usingaligandamana.

Tamati

Likizo ya Agosti nilipanda tena kwenda Wundanyi. Safari hii sikuwa na fahari, nilikuwa na hofu. Nyanya aliichukua picha, akaenda kuketi kitini kwake, si dirishani. Hakuinamisha kichwa. Alianza na gauni, akapita usoni kwa Babu akakaa hapo muda mrefu, kisha kidole chake kikashuka juu ya kioo, kifungo cha kwanza, cha pili, kikasimama.

"Hiki," akasema. "Uzi niliotumia ulikuwa mweupe. Nilitafuta mweusi nikakosa."

Uzi huo mimi sikuwa nimeuona, msomaji, hata kwenye skani. Nilisogea nikatazama. Palikuwa na nukta ndogo katikati ya kijivu, ndogo kuliko punje ya mtama. Nilidhani ni vumbi la skani, na nusura niifute.

Picha sasa iko ukutani, upande ambao bati halivuji. Sijui itadumu miaka mingapi, lakini faili ninayo, na mkebe wa karatasi zilizobaki nimeufunga vizuri. Ewe mwenzangu uliye na picha ya mzee wako inayooza ndani ya fremu, ipige skani wiki hii hii. Karatasi utaichagua baadaye, na ukikwama njoo chumba cha chama siku ya Ijumaa baada ya michezo. Ukanda wetu wa miraba 21 uko pale, na mwenye duka la taa ya zambarau siku hizi hanitazami tena kama mwizi.